Fungua Sanduku: Somo kwa Kijana Aliyeokoka Anayeanza Maisha Ng'ambo

SOMO LA JUMA
Maandiko ya kusoma: Yeremia 28 na 29:1-14, Danieli 1
Andiko la kukariri: Yeremia 29:7

Siku hizi si ajabu kuita kijana mbele ya kanisa, kumwekea mikono na kumuaga. Huyu anaenda Qatar, yule Uingereza, na wengine wanaenda Ujerumani kusomea uuguzi kwa ile njia inayoitwa Ausbildung, ambapo mtu anasoma darasani na kufanya kazi hospitalini huku akilipwa, kwa miaka 3. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa mambo ya uhamiaji na kazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na tangu hapo vijana wengi wanaitazama njia hiyo.

Tunaomba viza, viza inatoka, tunapiga vigelegele. Halafu? Mara nyingi maombi yetu yanaishia uwanja wa ndege. Lakini kwa kijana, pale tunapoishia sisi ndipo yeye anaanzia. Anakutana na barua za serikali kwa lugha ngumu, giza la saa kumi jioni, na Jumapili ya kwanza bila kwaya na bila mtu wa kumwambia "Shalom". Somo la leo linahusu hayo. Tutatumia Ujerumani kama mfano, lakini hata aliye Doha au Leeds atajiona humu ndani.

1. Barua ya Yeremia kwa watu wenye mizigo mlangoni

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza aliwachukua watu wengi wa Yuda akawapeleka Babeli. Wakiwa kule, nabii mmoja aliyebaki nyumbani, Hanania, alitangaza mbele ya watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Ujumbe mtamu! Nani asingesema amina? Lakini ukiambiwa ni miaka miwili tu, kwa nini ujenge? Kwa nini ujifunze lugha ya watu? Unaweka mzigo mlangoni unangoja.

Ndipo Yeremia akaandika barua, akaituma kwa mkono wa Elasa na Gemaria. Ilikuwa barua ya kawaida sana. Aliwaambia wajenge nyumba, walime bustani na wale mazao yake, waoe na waozeshe watoto wao. Zaidi ya hayo, wautafutie mji ule mema na kuuombea, kwa sababu mji ukipata amani nao watapata amani. Muda? Si miaka 2, ni 70.

Angalia neno moja hapo. Watu walidhani Nebukadneza ndiye aliyewahamisha. Katika barua ile Mungu anasema ni yeye aliyewapeleka. Kama ni yeye, basi Babeli si mahali ambapo Mungu hayupo. Mpendwa, kama tulikuombea na Bwana akafungua mlango, yeye alitangulia kufika. Hukumwacha kwa madhabahu ya kanisa letu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: fungua sanduku. Kuna kijana amekaa mwaka mzima ng'ambo na nguo bado ziko kwa sanduku. Mwili uko kule, lakini mchana kutwa yuko kwa simu akifuata ya nyumbani. Hana rafiki hata mmoja pale mtaani, na jirani hamjui jina. Anasema, "Mimi niko hapa kutafuta tu, nitarudi." Ni sawa utarudi. Lakini hiyo miaka unayoishi kule ni maisha yako pia, na Mungu atakuuliza habari zake.

2. Danieli alijifunza mengi, akakataa moja

Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliopelekwa kusomeshwa ng'ambo. Kozi yao, Danieli 1:5 inasema, ilikuwa ya miaka 3, sawa kabisa na uuguzi wa Ujerumani. Walisoma lugha ya Wakaldayo na vitabu vyao. Walipewa majina ya kigeni wakaitikia. Walifanya kazi ya serikali ya kigeni, na walipojaribiwa mbele ya mfalme wakapatikana bora kuliko wengine wote.

Walipofika kwa chakula cha mfalme, hapo Danieli akaweka mpaka. Lakini aliuweka vipi? Hakupindua meza wala hakumhubiria mkuu wa matowashi kwa hasira. Aliomba kwa adabu, na alipoona yule mkuu anaogopa mfalme, akatoa njia ya katikati: tujaribu siku 10 halafu utuangalie.

Kijana anayefika ng'ambo anaweza kuanguka kwa upande mmoja kati ya pande mbili. Upande mmoja ni kuona kila kitu cha wageni ni dhambi, akajifungia. Upande mwingine ni kuona hakuna kitu ni dhambi, kwa sababu mama haoni na mchungaji yuko mbali. Danieli anatufundisha kutenganisha. Jiulize: hili ni jambo la desturi yao, au ni jambo la kumkosea Mungu? Likiwa desturi, jifunze. Likiwa kosa kwa Mungu, kataa, lakini kataa kwa adabu.

Tuangalie mifano ya kila siku.

*Ukimya.* Ujerumani, kutoka saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi watu wanatarajiwa kutulia, na Jumapili nzima vilevile. Maduka mengi yanafungwa Jumapili, na hata kutoboa ukuta au kutupa chupa kwa pipa la vioo siku hiyo ni makosa. Sasa wewe umezoea kesha, umezoea kunena kwa lugha kwa sauti saa nane usiku. Ukifanya hivyo kwa ghorofa yenye kuta nyembamba, jirani anaweza kuita polisi. Usiseme ni vita vya kiroho. Yule mzee wa chini anaamka saa kumi na moja aende kazi. Hana aliomba midomo ikitikisika tu, sauti haikusikika, na Mungu akasikia mpaka Samweli akazaliwa (1 Samweli 1:13). Mahali pa kupaza sauti utapapata, iwe kanisani au msituni ukitembea. Chumbani, omba kama Hana.

*Kusema ukweli kazini.* Kwetu mkubwa akiongea tunasema "ndiyo" kwa heshima, hata kama hatujaelewa. Kwenye wodi hiyo "ndiyo" inaweza kumdhuru mgonjwa. Umeambiwa kiasi cha dawa kwa Kijerumani cha haraka, ukaitikia, kumbe umeshika nusu. Bwana Yesu alifundisha kwamba ndiyo yetu na iwe ndiyo kwelikweli (Mathayo 5:37). Jifunze kusema, "Samahani, sijaelewa, rudia tafadhali." Na msimamizi akikwambia waziwazi mbele ya wenzako kwamba umekosea, usiende nyumbani kulia ukisema wanakuchukia. Wengi wao husema kosa moja kwa moja, kisha wanaendelea na kazi.

*Saa.* Treni zao siku hizi huchelewa, hilo hata wenyewe wanalalamika. Lakini mfanyakazi hasamehewi kwa sababu ya treni. Toka nyumbani mapema. Tiketi nayo uikate kabla ya safari, kwa maana hakuna makanga wa kuomba hela. Ukishikwa bila tiketi unalipa faini ya euro 60, na shahidi wa Yesu anashushwa mbele ya watu.

*Pombe.* Wenzako wa kazi watakualika jioni, na wengi watakunywa bia. Usikatae mwaliko wote, ukaonekana mwenye maringo. Enda, agiza maji ya tofaa yenye gesi, keti, cheka nao, halafu rudi mapema. Ukiulizwa kwa nini hunywi, sema kwa kifupi na kwa uso mkunjufu. Huo ndio mtihani wa siku 10 wa Danieli: wakuangalie kwanza, halafu siku moja mmoja atakuuliza swali kando.

3. Karatasi pia ni mambo ya kiroho

Kuna watu wanadhani kuokoka hakuhusiani na fomu. Paulo anasema tumpe kila mtu anachostahili, kodi kwa wa kodi na heshima kwa wa heshima (Warumi 13:7).

Ukihamia nyumba Ujerumani, una wiki mbili kujiandikisha kwa ofisi ya mji, ukiwa na pasipoti na karatasi kutoka kwa mwenye nyumba. Pale utaulizwa dini yako, na hapa vijana wetu wasikilize vizuri. Ujerumani ina kodi ya kanisa. Serikali inaikusanya kwa niaba ya Kanisa Katoliki, Kanisa la Kiprotestanti na jumuiya nyingine chache. Ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, isipokuwa Bavaria na Baden-Württemberg ambako ni asilimia 8. Si asilimia 9 ya mshahara, ni ya ile kodi.

Neno *evangelisch* kwenye fomu halimaanishi "mtu aliyeokoka". Ni jina la lile Kanisa la Kiprotestanti la kihistoria, la Kilutheri na la Reformed. Mpentekoste akiliandika kwa kudhani ndilo lake, anaweza kuhesabiwa mshirika wa kanisa ambalo hajawahi kuingia, na kodi ikakatwa. Makanisa ya Kipentekoste kule yanaitwa makanisa huru, *Freikirche*, na mengi hayakusanyi kodi, yanaishi kwa sadaka za waumini wao. Usiandike "sina dini" ili kukwepa pesa, maana huko ni kumkana Bwana kwa kalamu. Eleza ukweli: mimi ni mshirika wa kanisa huru la Kipentekoste. Ukiwa na mashaka, uliza mchungaji wa kule kabla ya kutia sahihi.

Barua nyingine itakuja ikidai euro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni za umma. Wageni wengi huitupa wakidhani ni wakora. Si wakora. Inalipwa moja kwa kila nyumba, kwa hiyo mkiishi wanne mnagawana. Usipofungua barua, deni halilali, linaongezeka. Hilo nalo ni sanduku la kufunguliwa.

4. Usikae bila ushirika, na usimfuate kila nabii

Danieli hakuwa peke yake. Mfalme alipotishia kuwaua wenye hekima, alienda nyumbani akawaambia wenzake watatu, wakaomba pamoja (Danieli 2:17-18). Kijana, kabla ya kutafuta duka la unga wa ugali, tafuta watu wa kuomba nawe.

Miji mikubwa kama Hamburg, Berlin na Frankfurt ina makanisa ya Waafrika, mengi ya ndugu kutoka Ghana, Nigeria na Kongo. Pale utaimba na kucheza mpaka uchoke. Ni kuzuri. Lakini tembelea pia kanisa huru la Wajerumani, hata kama ibada ni ya polepole kuliko uliyoizoea. Kule utajifunza lugha, na utapata wazee wa kukueleza barua usizozielewa. Mara nyingi wana vikundi vya nyumbani katikati ya wiki, na hiyo ni msaada mkubwa kwa muuguzi, kwa sababu wagonjwa hawaendi likizo Jumapili. Ukipangiwa zamu Jumapili usione umemwacha Mungu. Yesu mwenyewe aliponya wagonjwa siku ya Sabato. Kanisa la kwanza lilikutana kila siku na nyumba kwa nyumba (Matendo 2:46), basi tafuta siku yako.

Kisha tahadhari. Ile barua ya Yeremia 29, mstari wa 8 na wa 9, inawaonya wahamishwa juu ya manabii waliokuwa katikati yao, wakitabiri uongo. Mtu mpweke ni rahisi kudanganywa. Atatokea mtu kwa simu akikwambia ameona jina lako katika maono, karatasi zako zimefungwa na shangazi, tuma mbegu ya euro 200 zifunguliwe. Hanania alikufa siku za Yeremia, lakini watoto wake wako kwa WhatsApp! Karatasi za kuishi zinatoka kwa ofisi ya uhamiaji, kwa kufuata sheria. Omba, halafu enda ofisini na stakabadhi zako zote.

5. Majira ya baridi na moyo unaolegea

Hapa Kenya jua linatupa karibu saa 12 mwaka mzima. Berlin, mwezi wa Desemba, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unaenda kazi gizani, unarudi gizani. Wengi wa wenyeji wenyewe hulemewa, sembuse wewe uliyezoea jua la Machakos.

Eliya, mtu wa moto, alikaa chini ya mti akaomba afe (1 Wafalme 19:4). Mungu hakumkemea kwamba amekosa imani. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yakaja baadaye. Kwa hiyo ukijisikia mzito, kula chakula cha moto, lala, nunua koti la maana hata kama ni la mtumba, na toka nje mchana ule mwanga mdogo ukupate. Mzigo ukizidi wiki kadhaa, enda kwa daktari. Una bima ya afya tayari, inakatwa kwa mshahara wako. Kuna pia laini ya simu ya bure inayoendeshwa na makanisa, usiku na mchana, 0800 1110111, inayotumia Kijerumani. Kupiga si kukosa upako. Hata Eliya alihudumiwa na mwingine.

Na Danieli alipozeeka kule kule ugenini, bado alikuwa akipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu (Danieli 6:10). Alihudumia Babeli kwa uaminifu na hakusahau kwao. Weka ratiba ndogo unayoweza kuishika. Dakika kumi kila asubuhi ni bora kuliko mfungo wa siku 40 unaouvunja siku ya pili.

6. Neno kwetu tuliobaki

Wazazi, ndugu, na sisi wachungaji, tusikilize hapa. Huyu kijana tulimchangia harambee, wengine waliuza ng'ombe. Ni haki kutarajia asaidie nyumbani, na Biblia inasema asiyewatunza wa kwao ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Lakini tusipige hesabu ya mshahara wake kwa kuzidisha euro kwa shilingi. Karibu sehemu moja ya tano inakatwa kwa bima na pensheni kabla hajaishika. Kisha kuna kodi ya nyumba, chakula na nauli. Kijana wa mafunzo bado ni mwanafunzi.

Kuna watoto wetu wameacha kushika simu. Tunasema majuu yamewabadilisha. Pengine ni kwa sababu kila simu yetu ina bei. Wiki hii mpigie mmoja na usiitishe kitu. Muulize amekula nini. Muulize jina la rafiki yake. Omba naye dakika tano, halafu ukate simu.

Na akituambia kweli kwamba ni kugumu, tusimjibu, "Wengine wanatamani kuwa hapo ulipo." Hilo jibu linafunga mdomo wa mtoto. Atakayemfungua mdomo baadaye huenda akawa mtu mbaya. Akisema anataka kurudi, tukae naye tusikilize sababu kabla ya kufikiria aibu yetu mbele ya majirani.

Maswali ya ushirika wa nyumba kwa nyumba

1. Kwa nini ujumbe wa Hanania ulipendwa kuliko wa Yeremia? Ni ahadi gani za haraka tunazozipenda leo kuhusu ng'ambo?
2. Taja desturi tatu za kigeni ambazo Mkristo anaweza kujifunza bila kumkosea Mungu, na moja ambayo ni lazima aikatae. Angeikataa kwa maneno gani?
3. Ni kijana gani wa ushirika wetu yuko ng'ambo ambaye hatujazungumza naye mwezi huu? Nani atampigia, na siku gani?
4. Hata bila kusafiri, mtu anaweza kuishi Nairobi au Mombasa na sanduku likiwa limefungwa. Je, unauombea mema mji unaokaa?

Maombi

Baba, tunakushukuru kwa kuwa ulitangulia kufika kila mahali watoto wetu walipo. Wape ulimi wa kujifunza na moyo usioyumba. Wape rafiki mmoja mwema kila mji. Linda miili yao na baridi, na nia zao na upweke. Wabariki wagonjwa wanaowahudumia na majirani wanaoishi nao. Na sisi tuliobaki, utufanye nyumba ambayo mtoto anaweza kuipigia simu akasema ukweli. Katika jina la Yesu Kristo, amina.